Mwizi wa Jua, Ghorofa ya Nne

“Mzigo wa umeme uko ghorofa yako, Mama Zamu.”

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na najua wapo walionitupia maneno kwa kuwakatia patamu. Haya, turudini chumba cha betri, chini kabisa ya Jengo la Tatu. Injinia yuleyule, tochi ileile, na mwenyekiti wetu katoa macho.

Kwa aliyechelewa kuingia, hali ni hii. Radi imeunguza transfoma ya mtaa, na majengo yote ya halmashauri hayana umeme isipokuwa hili. Hili ndilo lililofanyiwa majaribio: paneli za sola juu ya paa, betri chini, kuta zimevikwa koti la kuzuia baridi, madirisha mapya ya vioo viwili. Majengo mengine yakaambiwa yangoje.

Ila jua nalo limegoma. Tangu radi ile ni mawingu na mvua ya baridi, na betri zinaelekea ukingoni. Ghorofa ya nne yupo mama mzazi wa Mama Zamu, anayepumua kwa mashine ya oksijeni. Mtungi wa akiba umekwisha. Betri zikizima kabla ya jua la kesho, na mama mtu anazima.

“Ghorofa yangu ina mashine ya mama,” Mama Zamu alisema. “Unataka niizime?”

“Mashine ya Bibi nimeipima kwa mkono wangu. Haili hivi.” Injinia akamulika kipimo. “Ghorofa nyingine zote nimezishusha. Tazama mshale unavyokimbia bado. Pale juu kuna kitu cha joto. Pasi, jiko, hita, kimojawapo.”

“Haiwezekani. Kitambaa ninacho mimi!”

Akakichomoa kifuani, chekundu, kipande cha pazia lake la zamani. Kitambaa hicho ndicho kilichompa jina. Mwenye nacho ndiye mwenye zamu, ndiye mwenye ruhusa ya kuwasha kitu kizito. Akimaliza anampelekea jirani, mlango hadi mlango, na watu wazima na ndevu zao walikuwa wanakipokea kwa mikono miwili. Tangu asubuhi Mama Zamu alikuwa amekikamata mwenyewe. Hakuna pasi, hakuna jiko, hakuna birika.

Mlango mmoja tu haukuhitaji kitambaa wala ukaguzi, wa mgonjwa. Sheria hiyo aliitunga yeye, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuipinga.

“Tuna muda gani?” aliuliza.

“Tukimpata mwizi sasa hivi, mashine inafika asubuhi bila wasiwasi. Tusipompata, hatuoni magharibi.”

Mama Zamu akakirudisha kitambaa kifuani. “Namjua,” alisema. “Nifuate.”

Akapanda ngazi mbilimbili. Kwenye dirisha la ghorofa ya tatu alitupa jicho uani akaona mashuka yananing’inia kwenye kamba ndefu ya kuanikia, ile inayotoka jengo hili hadi Jengo la Pili, yameloa chapachapa. Akasonya. Mpumbavu gani anaanika mashuka mvuani? Lakini huo haukuwa wakati wa mashuka. Alikuwa anamwendea mtu mmoja, na mtu huyo anaitwa Baba Vifaranga.

Nani asiyemjua? Ghorofa ya nne, mlango wa pili kushoto, chumba cha kulala kimejaa mayai, na mashine ya kutotolesha inayokula umeme mchana na usiku. Aliwahi kukamatwa akiiwasha bila kitambaa. Akaapa hatarudia.

“Fungua!” Mama Zamu alipiga mlango kwa kiganja.

“Siwezi kuinuka!”

“Fungua, au navunja!”

“Mlango uko wazi, mwenyekiti! Mimi ndiye siwezi kuinuka!”

Akaingia kwa kishindo. Baba Vifaranga alikuwa amelala chali kitandani na koti zito limefungwa vifungo hadi shingoni, tumbo limetuna mithili ya mja mzito wa mwezi wa tisa.

“Hita iko wapi?”

“Hita ndiyo mimi.”

“Usinifanyie mzaha! Mama yangu anakata roho!”

Pole pole, kwa ncha za vidole, Baba Vifaranga akafungua vifungo viwili. Ndani ya koti, kwenye ngozi ya tumbo lake, mayai yalikuwa yamepangwa na kuzungushiwa skafu.

“Ulipochukua kitambaa nilizima mashine. Plagi hiyo hapo mezani, iguse. Ningefanyaje? Vimebakiza kidogo vitoke. Mwili wa mtu una joto lake, na chumba hiki tangu wabadilishe dirisha hakipoi ovyo. Nimegeuka kuku, Mama Zamu. Na usinichekeshe, nitavunja.”

Mama Zamu akagusa mashine. Baridi. Akagusa yai. Lilikuwa na joto zuri, joto la kwapa. Alikuja kumsulubu mtu, na mtu mwenyewe kalalia mayai ili mgonjwa wa jirani apumue. Aibu ikampanda hadi masikioni.

“Nisamehe, baba.”

“Utaniomba radhi baadaye. Funga mlango, joto linatoka.”

Koridoni Injinia alikuwa ameshafungua kasha la swichi za ghorofa ya nne, lenye kipimo chake. Watu walikuwa wamepanda na tochi za simu zao, na mbele yao kasimama Msusi wa ghorofa ya pili, mikono kiunoni. Msusi hakuwa na mteja tangu mvua ianze. Vikaushio vyake vya nywele vilikuwa vinasubiri kitambaa ambacho hakikuja.

“Tunaondoa mlango mmojammoja,” Injinia alisema. “Atakayetutikisia mshale, ndiye.”

Akashusha swichi ya kwanza. Mshale haukutikisika.

Ya pili, ya Baba Vifaranga. Haukutikisika.

Ya tatu. Wapi.

Injinia hakugusa ya nne. Akageuka, akamtazama Mama Zamu kwa macho ya mtu anayetafuta pa kuyaficha.

“Umebaki mlango mmoja, Mama.”

“Huo ni mlango wangu.”

“Najua.”

“Mle ndani kuna mgonjwa tu. Mgonjwa hainuki hata kwenda msalani bila mkono wangu!”

“Ungekuwa mlango wangu,” Msusi alisema kwa sauti ya kusikika hadi chini, “ungekuwa umeshang’olewa bawaba.”

Mama Zamu akatoa ufunguo mfukoni, akauingiza kwenye kitasa.

Mlango ukafunguka. Kitu cha kwanza kilichompiga kilikuwa baridi.

Chumba hiki ndicho alichokuwa anajisifia mikutanoni. Hata hita sihitaji, alikuwa akisema, ukiwasha mshumaa tu unatoka jasho. Leo upepo ulikuwa unampuliza usoni. Mama yake alilala na blanketi hadi kidevuni, mpira puani, mashine ikinguruma kando ya kichwa. Na pazia la dirisha la kando ya kitanda, linaloangalia Jengo la Pili, pazia ambalo Mama Zamu alilifunga kila asubuhi kwa mkono wake, lilikuwa wazi.

“Umekuja na wageni,” mama yake alisema.

“Mama, nani kafungua dirisha?”

Injinia akapiga magoti, akainua ncha ya shuka. Waya mweusi, mnene, ulikuwa umechomekwa kwenye soketi nyuma ya kitanda. Ulipanda ukutani, ukapita kwenye upenyo wa dirisha uliozibwa kwa kilemba, ukatoka nje.

Mama Zamu akatoa kichwa mvuani. Waya ulikuwa umefungwa sambamba na kamba ya kuanikia, na juu yake mashuka yameufunika mwanzo hadi mwisho. Yale mashuka aliyoyasonya!

“Nani kaingia humu?” Akarudisha kichwa ndani. “Nani mwenye roho ya kumwibia mtu anayepumua kwa mashine?”

“Hakuingia mtu,” mama yake alisema. “Mwizi ni mimi.”

Mlangoni, Msusi akapiga makofi mara moja. “Haya sasa!”

“Mama, unaumwa. Hujui unachosema.”

“Naumwa kifua. Kichwa kizima.” Bibi akavuta pumzi. “Fuata waya kwa macho. Unajua unapokwenda.”

Alijua. Dirisha la ng’ambo, ghorofa ya nne vilevile, lilikuwa la mdogo wake.

Hapa nifungue bano kidogo. Halmashauri ilipokuja kuziba nyufa na kupima betri, ilihesabu vichwa. Betri ni za walioandikwa, wakasema, mgeni wa kochi hatumjui. Mdogo mtu alikuwa mgeni wa kochi. Mama Zamu alikuwa ndiyo kwanza kachaguliwa, akaogopa kuambiwa anabeba ndugu. Akasimama koridoni mbele ya kadamnasi akatamka: asiyeandikwa hapa hakai hapa. Mdogo wake akafungasha, akavuka ua, akapanga chumba kile cha ng’ambo. Tangu siku hiyo wakikutana kila mmoja anapinda kona yake.

“Amejifungua,” Bibi alisema. “Mapacha. Njiti, hawajatimiza miezi.”

Mama Zamu akashika ukingo wa kitanda. Kwamba mdogo wake ana mimba alijua, macho anayo. Mengine yote hakuyajua.

“Lini? Mbona sikuambiwa?”

“Ulikuwa ukisikia anatajwa unatoka chumbani.” Pumzi. “Hospitali walisema wananyonya vizuri, akawaweke joto. Mumewe yuko na lori lake huko barabara ilikokatika. Mmoja anamlaza kifuani, ngozi kwa ngozi. Wa pili yuko kwenye boksi karibu na hita. Ana kifua kimoja tu, mdogo wako. Waya aliuvuta yeye kwa kamba. Mimi nilichomeka tu. Nikamwambia huku umeme ni wa kumwaga.”

“Bibi,” Injinia akaingilia, kofia mkononi, “vyote viwili betri haziwezi.”

“Zitafika wapi?”

“Nusu saa. Baada ya hapo hakuna hita wala mashine.”

Mkono wa Mama Zamu ukaruka wenyewe. Akashika plagi ya waya mweusi.

Bibi naye akashika mpira wa puani, akautoa.

“Chomoa,” alisema. “Ukichomoa wako na mimi nimetoa wangu.”

“Mama, rudisha!”

“Toa mkono.”

Kifua cha Bibi kikaanza kupiga filimbi. Midomo ikaanza kubadilika rangi.

“Mama, nakuomba! Nakuomba, rudisha!”

“Mimi nimeshapumua vya kutosha, mwanangu. Wale hata hawajaanza.”

Mama Zamu akaachia plagi. Akarudi nyuma, mikono juu, huku machozi yanamshuka bila kuyafuta. Ni hapo tu Bibi aliporudisha mpira puani, akafumba macho, akatulia.

Alisimama katikati ya chumba, hana la mbele wala la nyuma. Akikata waya anamuua mama. Asipokata, nusu saa ikipita anawaua wote wawili, mama na mtoto asiyemjua hata sura. Hasira alikuwa nazo, lakini hakuona tena wa kumpa.

“Injinia, kaa naye. Asiutoe tena huo mpira.”

“Unakwenda wapi?”

Alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

Akavuka ua akikimbia mvuani, maji yakimwingia viatuni. Ngazi za Jengo la Pili zilikuwa na giza na ubaridi wa stoo, vioo vilivyopasuka vimezibwa kwa maboksi, upepo unapita unapotaka. Kila mlango aliopita alisikia kikohozi. Ghorofa ya nne akagonga.

“Nani?”

“Mimi.”

“Mimi nani?”

“Mimi dada yako.”

Sauti ikaja karibu kabisa na mlango: “Umekuja kukata?”

“Nifungulie, mdogo wangu.”

Kitasa kikazunguka. Mdogo mtu alisimama na sweta pana la kiume, na kwenye uwazi wa kola kilionekana kikofia kidogo cha sufi kimelala kifuani pake. Macho yalikuwa mekundu. Nyuma yake hita iliwaka kwa nguvu zote, na mbele ya hita kulikuwa na boksi la sabuni lililotandikwa blanketi.

Dirisha lilikuwa limefungwa, lakini pazia lilikuwa linacheza. Mama Zamu akaweka kiganja kwenye fremu. Upepo ulikuwa unaingia kama hakuna dirisha.

“Unapasha joto mtaa mzima,” alisema.

“Ndilo dirisha nililopata, Dada. Nilikuwa na jingine zuri. Ukanitoa.”

Neno hilo liliingia hadi kwenye mfupa, na Mama Zamu hakulikwepa. “Nilikutoa,” alisema. “Nisikilize sasa. Betri zinakufa. Hita hii ndiyo inayozimaliza, na mashine ya Mama haitafika magharibi.”

Uso wa mdogo wake ukabadilika. “Aliniambia umeme ni wa kumwaga! Dada, naapa, aliniambia—”

Akairukia hita. Kidole kikafika kwenye swichi, kikakwama hapo. Akatazama boksi.

“Nikizima, huyu…” Hakumaliza. Akaanza kulia bila sauti, mkono mmoja kwenye swichi, mwingine kwenye kikofia cha sufi.

Mama Zamu akaliona akilini tumbo la Baba Vifaranga. Mayai, skafu, na koti zito. Mwili wa mtu una joto lake.

Akalitupa koti lake lililoloa, akajipangusa kifua kwa taulo lililokuwa kitini, akaanza kufungua vifungo vya blauzi. Kitambaa chekundu kikaanguka miguuni, akakiokota, akakichomeka kiunoni.

“Nipe.”

“Huwezi. Hujawahi…”

“Hujawahi kuzaa, sema tu. Ndiyo, sijawahi. Nionyeshe.”

Mdogo wake akainama kwenye boksi. Alimtoa kiumbe mwenye kofia na nepi tu, mwepesi kuliko mkate, akamlaza kwenye kifua cha dada yake.

“Kichwa pembeni, apate hewa. Miguu ikunje hivi, kama chura. Mkono huu mgongoni. Usimbane.”

Nyayo mbili za baridi zikagusa ngozi ya Mama Zamu, akashtuka mwili mzima. Mtoto akajinyonganyonga, akatafuta pa kuweka shavu, akapapata. Mwanamke aliyewagawia watu zamu siku zote hizi hakuwahi kupewa hii, na hakujua afanye nini na uso wake.

Ghafla, tak!

Hita ikazima. Wekundu ukafifia hadi ukawa kijivu.

“Betri!” Mama Zamu akapiga kelele. “Mama!”

Sijui walishukaje ngazi zile. Wakajifunika blanketi moja juu ya vichwa vinne, wakavuka ua wamebanana bega kwa bega, kila mmoja mkono kifuani. Milango ya Jengo la Pili ikafunguka nyuma yao, vichwa vikachungulia. Wakapanda Jengo la Tatu gizani, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama Zamu alikuwa anatega sikio apate ule mngurumo, na kitu pekee alichosikia ni moyo wake mwenyewe. Akausukuma mlango kwa bega.

Mashine ilikuwa inanguruma.

Bibi alikuwa ameketishwa kwenye mto, mpira puani, na mkononi kashika plagi ya waya mweusi. Dirisha limefungwa, upenyo wa waya umezibwa ndi. Injinia alikuwa anajifuta jasho kwenye chumba cha baridi.

“Kaichomoa mwenyewe,” alisema. “Nilimketisha, akawa anawatazama kupitia dirisha. Ulipofungua vifungo, akasema subiri. Mtoto alipolala kifuani kwako, akachomoa.”

“Kwa hiyo betri…”

“Imebaki mashine peke yake. Tunafika asubuhi, Mama.”

Mama Zamu akauegemea ukuta, mtoto kifuani. Mdogo wake alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa kwenye mkono wa mama yao, na Bibi anampapasa nywele zilizoloa. Chumba kilikuwa kimeshaanza kupata joto. Pumzi za watu tu, kuta na vile vioo viwili.

Ningependa kuwaacha hapo. Lakini Msusi hakuwa amemaliza.

Alirudi akihema kutoka chini, na mkononi alikuwa na ufunguo wa kufuli.

“Mwenyekiti, toka uone. Watu wa Jengo la Pili wamewaona mkivuka. Wamejaa mlango mkubwa, wazee, watoto, mablanketi. Wanataka kuingia wapate joto. Nimefunga mnyororo.”

“Kwa nini?”

“Kwa nini?” Msusi akacheka, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine. “Mimi nimekaa gizani tangu asubuhi kwa ajili ya mama yako. Sikunung’unika. Mwanangu kanywa uji wa baridi, sikunung’unika. Kumbe mwizi yuko kwako, na sheria ni yako! Asiyeandikwa hapa hakai hapa. Maneno ya nani hayo?”

Korido ilikuwa imejaa. Vichwa vikaitikia maneno ya Msusi.

“Na huyu,” Msusi akanyoosha kidole kwa mdogo mtu, “ameandikwa wapi?”

Mdogo mtu aliinuka, akalivuta sweta juu ya kichwa cha mtoto, akaanza kuokota blanketi lililoloa. Kitandani, mkono wa Bibi ukaanza kutambaa kuelekea puani.

“Mama, acha,” Mama Zamu alisema, kwa upole ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwake. “Na wewe, keti.”

Akamsogelea Msusi hadi wakakaribiana nyuso.

“Umesema kweli yote,” alimwambia. “Jina langu lifutwe. Mahali pangu aandikwe mdogo wangu. Hesabu ya halmashauri inabaki ileile.”

“Unasema nini wewe?”

“Fungua blauzi.”

“Nini?”

“Mtoto ana baridi ya miguu. Fungua.”

Msusi akatazama huku na huku atafute wa kumwokoa. Kisha vidole vyake vikafungua. Mama Zamu akamhamisha mtoto kifua kwa kifua, kichwa pembeni, miguu kama chura, mkono mgongoni. Nyayo zile zikagusa ngozi, na Msusi akashtuka mwili mzima.

“Usimbane,” Mama Zamu alisema. Akatoa kitambaa chekundu kiunoni, akamtundikia Msusi begani. “Zamu gawa wewe.”

Akashuka ngazi peke yake. Watu wakajibana ukutani kumpisha. Alifika chini, mbele ya mlango mkubwa, akaushika mnyororo. Upande wa pili mtu alikuwa anagonga kwa fimbo, pole pole, kugonga kwa mzee aliyechoka. Mlango ni ule mmoja, na hauwezi kumtoa mtu bila kufunguka kwa wote.

Akageuka, akainua uso kwenye tundu la ngazi. Juu kabisa, Msusi alikuwa amesimama kwenye ukingo, ufunguo mkono mmoja, mwingine mgongoni mwa mtoto.

“Mimi sijaandikwa hapa!” Mama Zamu aliita. “Shuka unifungulie, nitoke!”